Mbuzi wa Saba

Ukame ulimwachia nyanya mbuzi saba. Warithi tulikuwa wawili, mimi na ndugu yangu, na siku hizo hatukuwa tunasemezana. Hapa Lodwar nikafungua tarakilishi, nikaandika kwa Python: 7 / 2. Ikajibu 3.5.

"Aii! Nusu mbuzi atachungwa na nani?" nyanya akauliza.

Nikarekebisha: 7 // 2 ni tatu, 7 % 2 ni moja. Sasa ukweli ukawa wazi: mbuzi mmoja hana mwenyewe.

Nilimkumbuka nyanya niliposoma pendekezo la math.integer, moduli ya namba kamili pekee. Ya nini, na gcd na isqrt zimo tayari ndani ya math? Shida ni majirani. math.sqrt huigeuza namba yako kuwa ya desimali kwanza. Ukishapita 2 kwa kipeo cha 53, tarakimu za mwisho zaweza kupotea kimyakimya. isqrt, iliyoingia mwaka 2019, hubaki kwenye namba kamili.

Mbuzi wa saba tulimwachia nyanya. Programu haikutuamulia. Ilikataa tu kumkata.