Huyo ni wa Mlango Gani?

Kwetu Kivu ya Kusini, kijana akipeleka habari kwamba anataka kuoa, wazee hawaanzi na kazi yake wala pesa zake. Wanauliza: huyo msichana ni wa mlango gani? Mama yake alizaliwa kwa nani? Wakikuta damu imekaribiana, mazungumzo yanaishia hapo hapo hata kama mahari iko tayari. Hapa Kakuma swali hilo limekuwa gumu zaidi. Ndugu zetu wengine wako Nyarugusu, wengine Nakivale, wengine Dzaleka. Tuliobaki pamoja ni wachache, na wazee inabidi wapige simu nchi tatu ili wajue kama vijana wawili wa bloku moja ni ndugu au la.

Mimea nayo ina shida hiyo hiyo, ila yenyewe haina wazee wala simu. Mti umesimama pale ulipoota. Anayeutafutia mchumba ni nyuki, upepo au ndege. Msitu ukiwa mkubwa, nyuki anabeba chavua kutoka mti wa mbali na watoto wanazaliwa wenye damu mchanganyiko. Msitu ukikatwa ukabaki vipande vipande, nyuki anazunguka kwenye ile ile miti michache. Baada ya vizazi kadhaa, kila mmoja ni binamu wa mwenzake.

Neno DNA si geni kambini. Wengi tulilisikia kwenye kesi za kuunganisha familia, pale mama na mtoto wanapopimwa ili ijulikane kama kweli ni damu moja. Wataalamu wa mimea wanafanya vivyo hivyo kwa majani. Wanachuma jani hapa na jani pale, wanapima, wanaona ni mmea gani ndugu wa upi, na utofauti uliobaki ni kiasi gani. Utofauti huo ndio akiba. Ukija ugonjwa au ukame, katika miti mia tofauti huenda kumi ikahimili. Katika miti mia iliyofanana, ugonjwa unaoua mmoja unaweza kuua yote. Tena ndugu wakizaliana, udhaifu uliokuwa umejificha kwa baba na kwa mama unakutana kwa mtoto: mbegu zinakuwa chache au miche inakufa mapema.

Chukueni mfano wa Milima ya Taita, hapa hapa Kenya, karibu na Voi. Zamani vilele vyake vilifunikwa na msitu wa ukungu. Mashamba, mbao na kuni vimebakisha vipande tu: Mbololo takriban hekta 200, Ngangao kama 120, Chawia haifiki 100, na vingine vidogo zaidi. Katikati yake ni mahindi, nyumba za watu, na mikaratusi na misonobari ya kupandwa.

Ndani ya Mbololo kuna ua dogo la zambarau linaloota kivulini, kwenye mawe. Wanasayansi waliliita Saintpaulia teitensis; sasa wanaliita Streptocarpus teitensis. Porini haliko kokote kwingine duniani, hata kwenye vilima vya jirani. Maua ya jamii yake huficha chavua ndani ya vifuko, na nyuki lazima alishike ua na kulitetemesha kwa mngurumo wake ndipo chavua imwagike. Nyuki wakipungua, au mawe yakikosa kivuli cha miti, ukoo mzima umefika mwisho.

Ndugu wa ua hilo waliondoka zamani. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala kule Tanga, aliokota maua ya namna hiyo Usambara, yakapelekwa kwao. Mwaka 1893 yakapewa jina lake. Leo yanauzwa kwa mamilioni kwenye vyungu, Ulaya na Marekani. Mtu anaweza kusema, basi, ua limeokoka! Lakini mamilioni hayo kwa sehemu kubwa ni uzao wa mama wachache waliosafirishwa mapema. Akiba yenyewe imebaki kwenye mawe ya Usambara na Taita, katika vipande vya msitu vinavyozidi kupungua.

Kinachonitisha ni kwamba hasara hii haionekani haraka. Mti unaweza kuishi miaka mia. Mgeni akipita anaona kijani na kusema msitu mzima. Kumbe ile miti mikubwa ilizaliwa wakati msitu ulikuwa bado mmoja, na watoto walio chini yake wana wazazi wa jirani tu.

Sasa nirudi kambini. Mimi ni mfanyakazi wa insentivu kwenye kitalu cha miche. Ripoti huuliza swali moja: miche mingapi? Haiulizi mama wangapi. Basi watu wanaokota mbegu chini ya mti mmoja ulio karibu na geti, kwa sababu uko karibu na unazaa sana. Miche elfu moja inatoka, yote ya mama mmoja, inagawiwa bloku hadi bloku. Miaka ishirini ijayo watoto wetu wataokota mbegu kwenye miti hiyo, ndugu kwa ndugu, wapande tena.

Ndugu zangu wa mashirika, mwongozo wa kawaida wa kukusanya mbegu ni huu: miti mama 30 au zaidi, iliyoachana mita 50 au zaidi, kisha mbegu zichanganywe kwa kiasi sawa. Hilo halihitaji maabara. Linahitaji siku mbili tatu za kutembea, maji ya kunywa, na magunia. Wala sisemi mbegu itoke popote. Mti uliozoea ukungu wa Taita hauwezi jua la Turkana. Tunaowatafuta ni majirani wasio ndugu.

Ugumu uko kwa wenyeji, na lazima tuuseme. Ile migunga ya kando ya laga, ambayo Waturkana wanaiita ewoi, ina wenyewe. Familia zinairithi, na maganda yake ni chakula cha mbuzi wao. Kuni tayari zimeleta ugomvi kati yetu. Kwa hiyo kazi ianze kwa kwenda kwa wazee wao, kuomba ruhusa, kuchukua kidogo kwa kila mti na kuwaachia mbuzi sehemu kubwa. Huenda wao ndio watatuonyesha mti upi umevumilia ukame upi. Wanaijua ile miti mmoja mmoja.

Maganda ya ewoi yakianza kuanguka, naomba tusiende kwenye mti wa getini. Tuandike kwenye kila gunia: mti wa nani, laga ipi, tarehe gani. Na fomu ya ripoti iongezewe mstari mmoja tu: idadi ya miti mama.