Katunga Nani?

Utotoni kwetu Mtambwe, Pemba, hakuna aliyewahi kutuambia kuwa tuna muziki. Ngoma tulikuwa nazo, dufu na maulidi vile vile, na kasida za chuoni tulizighani hata usingizini. Lakini muziki, yaani kitu cha kukaa kitako ukakisikiliza na kumsifu aliyekitengeneza, ulikuja kwa redio kutoka Unguja, au kwa kaseti kutoka Dar es Salaam na Mombasa, au ndani ya filamu za Kihindi, ambazo nyimbo zake tulizijua bila kufahamu hata neno moja.

Nazungumzia miaka ya 80. Taarabu ya mjini iliingia nyumbani na heshima zake kamili. Ikhwan Safaa, klabu iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, ilitajwa kwetu kama watu wanavyotaja ukoo mkubwa. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa amekwishafariki tangu 1950, lakini ami yangu akimzungumzia utadhani wameonana juzi sokoni. Wimbo ukimalizika mtangazaji hutaja aliyeimba, na pengine aliyetunga shairi lenyewe. Ami akipenda sehemu hiyo kuliko wimbo. Huinua kidole tunyamaze, ili asikie jina.

Basi ikifika msimu wa karafuu, usiku kina mama hukaa kwenye majamvi kuchambua. Unashika kichala, unakikandamiza kiganjani na kukizungusha, karafuu huku, makonyo kule, na mikono inabaki na harufu siku kadhaa. Mawe ya redio yakilegea (tulikuwa tukiyaanika juani ili yapate uhai wa jioni moja tu), bibi huanza wimbo. Mmoja anatoa, wengine wanapokea, na ubeti wa tatu au wa nne utamkuta jirani aliyechelewa kurudisha pakacha, au mke mwenza wa mtu. Hatajwi, lakini hakuna asiyemjua. Kina mama wanacheka huku mikono haisimami.

Niliwahi kumuuliza: "Bibi, wimbo huu katunga nani?"

"Mwanangu, huo wa watu."

Ami naye, mwenye kuinua kidole kwa ajili ya majina ya Unguja, wala hakugeuza shingo.

Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi. Wa watu, yaani hauna mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe hukisifu, unakitumia tu. Hata kwenye kibati, ngoma yetu ya Pemba ambayo mimi naona inashinda nyingi za pwani hii kwa ukali wa ulimi, hali ilikuwa ni hiyo. Kwanza makuti makavu yanawashwa, ngoma zinaoteshwa moto mpaka ngozi ijikaze, mpigaji anaigonga kwa kidole na kutega sikio. Kisha waimbaji wanajibizana papo kwa papo, maneno yanakwenda mbio, na watu wanaangua kicheko kabla mstari haujafika mwisho, kwa sababu wameshajua unamwendea nani. Asubuhi mistari ile iko midomoni mwa watoto kijiji kizima, na aliyeitoa yuko bondeni analima mpunga. Ngoma ya msewe ndiyo kabisa. Wachezaji hujifunga miguuni vifuko vilivyosukwa kwa majani vyenye mbegu ndani, na tukiwaona tulisema "ngoma ya shamba" tukapita.

Miaka ya 90 ikaja na mipasho, taarabu ya kurushiana vijembe. Gari za 606, baina ya Chake Chake na Wete, zilikuwa hazina kaseti nyengine ila Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na Nasma Khamis Kidogo akiwa kundi la Muungano, na abiria wakigawana pande mbili kama mpira. Watu walisema ni mambo mapya. Mapya? Bibi yangu alikuwa akiyafanya juu ya jamvi, tena bila kinanda.

Kilichonigeuza mimi ni karatasi. Nilihamia Unguja kikazi, na baada ya tamasha la Sauti za Busara kuanza mwaka 2004 nikawa naingia Ngome Kongwe kila Februari nikipata nafasi. Nilimwona Bi Kidude pale, mwili kama kijiti, sauti kama inatoka ardhini, na wageni wamesimama. Hilo lilinifurahisha, silo lililonishika. Nilichokisoma mara mbili ni ratiba iliyochapwa, mpiga ngoma ameandikwa jina lake kamili. Nikamkumbuka mpigaji wetu wa Mtambwe, ambaye tulimwita kwa kilema chake tu.

Kisha mwaka 2011 kikatoka kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, kazi ya Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Kamange na Sarahani, washairi wetu waliofariki mwanzoni mwa karne ya 20, wamo humo kwa majina yao na tungo zao. Nilimpelekea ami. Macho yalikuwa yamekwisha, akataka nimsomee, na kila nikimaliza shairi aliuliza: "Hili la yupi?"

Siku hizi kuuliza kumekuwa rahisi. Iko Redio Jamii Micheweni, na iko simu: kijana anarekodi kibati usiku, alfajiri kimefika Muscat, na kutoka huko mtu anauliza mwimbaji ni mtoto wa nani. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ni ya mwaka 2003, na ofisi yake, COSOZA, ipo. Tatizo ni kwamba ofisi haiwezi kumsajili "watu". Mpwa wangu ameanza kuzungukia wazee na daftari akiandika nyimbo za majamvini na waliozitoa. Wimbo mmoja umedaiwa na koo mbili, na wamegombana kwa dhati, hawasalimiani. Mimi nimefurahi. Zamani nani angegombania wimbo wa karafuu?

Lakini Sikukuu ikifika, nendeni uwanja wa Tibirinzi mkatazame. Msewe hupangiwa alasiri, jua kali, uwanja haujajaa. Usiku unapofika, taa zikiwashwa, jukwaa ni la kijana aliyevuka bahari na kompyuta yake, na ndiye aliyelipwa kabla hajapanda boti.