Kizibuo cha Mama

Katiba ya mwaka 2010 ilifanya Kiswahili na Kiingereza lugha rasmi zetu. Hata hivyo, wako wanaodai kwamba Kiswahili humzuia mtu kujifunza Kiingereza. Mimi nakataa katakata!

Mama yangu alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja hapa Malindi. Msimamizi alimwahidi kazi ya kuhudumia wageni mezani, mradi aweze kuzungumza nao. Basi kila jioni nilijifanya mgeni, nikamwuliza kwa Kiingereza, "Wafanya kazi gani? Hiki ni nini?" Kazi aliieleza vizuri, lakini majina ya vyombo yalimponyoka. Nikamwambia, "Mama, ufagio watokana na kufagia, chujio na kuchuja, kizibuo na kuzibua. Ukikosa jina, taja kazi ya kitu."

Weee! Siku ya kujaribiwa akaonyeshwa kizibuo. Jina halikumjia. Akasema kwa Kiingereza, "Ni kitu cha kuzibulia chupa ya mvinyo." Msimamizi akacheka, akaelewa. Siku hizi mama habebi mashuka, anabeba sinia.

Wanachama wenzangu, tusikionee haya Kiswahili. Ndicho kilichomfungulia mama mlango.