Mikwiro na Maneno: Neil Peart Kama Mtunzi

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili hawana haja ya kuelezwa kwamba mtu aweza kutunga maneno ili yaimbwe na mwingine. Ahmad Nassir alimtungia Juma Bhalo, na msikilizaji wa kawaida huyahusisha maneno yale na sauti aisikiayo. Nadra ni mtunzi ambaye, maneno yake yakiimbwa, yeye huwa nyuma ya mwimbaji akipiga ngoma.

Neil Peart, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1952, alikuwa wa namna hiyo. Alijiunga na kundi la roki la Rush mwaka 1974, na tangu hapo maneno ya nyimbo nyingi yakawa jukumu lake. Geddy Lee na Alex Lifeson waliyatilia muziki, Lee akaimba. Umahiri wake katika ngoma haubishaniwi. Ushairi wake ndio wenye ubishi, nami sioni haja ya kuzitetea tungo zote za mwanzo. "2112" ya mwaka 1976 imeelemewa na mawazo ya Ayn Rand, na falsafa ile ya ubinafsi hunikalia kama kanzu ya kuazima.

Hata hivyo, si haki kuyang'oa maneno katika mapigo na kuyahukumu karatasini, kama zifanyavyo tasnifu nyingi juu ya taarabu, ambamo nyimbo hunukuliwa kurasa kwa kurasa na ala zisitajwe. Tuchukue "YYZ" ya mwaka 1981. Haina neno hata moja. Mapigo yake ya mwanzo ni herufi tatu zinazotambulisha uwanja wa ndege wa Toronto, zikipigwa kwa alama za Morse, ndefu na fupi. Hapa mizani ipo, silabi hakuna.

Mnamo 1997 bintiye, wa pekee wakati huo, alifariki katika ajali ya barabarani. Haukupita mwaka, saratani ikamchukua mkewe. Peart aliweka mikwiro chini, akapanda pikipiki peke yake, akasafiri kiasi cha kilomita 88,000, kutoka Kanada hadi Meksiko na Belize. Safari hiyo ameisimulia katika Ghost Rider (2002), kitabu nilichokisoma mwaka tuliomzika kaka yangu. Kwetu mfiwa hakimbii: huketi matangani, watu wakamjia. Kwa hiyo kurasa za kwanza ziliniudhi. Mtu gani huyu awaachaye waombolezaji wake? Lakini katikati ya barua kwa marafiki na majina ya ndege aliowaona, Peart anaizungumzia roho yake kana kwamba ni mtoto mchanga atulizwaye kwa mwendo. Ndipo nilipoitambua fani. Hizi ni bembezi, na mwimbaji na mtoto ni mtu mmoja. Kwa maoni yangu, hakuna wimbo wake unaoufikia ushairi wa kurasa hizo.

Alirejea kundini, wakatoa Vapor Trails mwaka 2002. Onyesho lake la mwisho na Rush lilikuwa Los Angeles, Agosti 2015. Alifariki tarehe 7 Januari 2020 kwa saratani ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 67.

Mwaka 2025 Lee na Lifeson walitangaza ziara ya mwaka 2026, ngoma wakimkabidhi Anika Nilles, Mjerumani. Mikwiro imepata mikono mingine. Maneno mengi atakayoyapigia yangali ya Peart.