Chatu Mwenye Madoa Mazuri na Kichwa Kisichotulia



Ndugu yangu, dada yangu, leo nakuomba unisome mpaka mwisho, hata kama wewe ni katika wale ambao wakisikia neno nyoka wanatafuta fimbo.

Yuko chatu mmoja mdogo, mpole, anayepatikana Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi Uganda. Akiogopa hukimbilii kumpiga wala yeye hakimbilii kukuuma; hujikunja akawa kama mpira, kichwa akakificha katikati. Uingereza wanamwita chatu wa kifalme, na Ulaya na Marekani wanamfuga ndani ya nyumba kama sisi tunavyofuga paka.

Allah amemuumba na rangi ya kahawia na nyeusi, imfiche kwenye majani na mashimo. Binadamu hakutosheka. Mwaka 1992 mfugaji mmoja wa Marekani alifanikiwa kuzalisha chatu zeruzeru wa aina hii, na tangu hapo soko likafunguka. Dume na jike wanachaguliwa kwa ngozi: huyu mweupe, huyu wa manjano, huyu hana doa hata moja. Anayepata rangi ambayo hakuna mwingine anayo, huyo ndiye anayetaja bei.

Katika rangi hizo ipo moja inayoitwa Buibui. Si vazi la mama zetu, ni mdudu, kwa sababu mistari yake ni myembamba kama utando. Wa kwanza alitolewa Afrika mwaka 1999 akapelekwa Marekani, na uzao ukaanzia hapo. Ni nyoka mzuri kwa macho. Lakini kichwa chake hakitulii. Kinatikisika, kinapinda, wakati mwingine kinageuka juu chini. Akirushiwa panya anamkosa, anauma hewa. Wengine dalili ni ndogo, wengine ni kubwa mno, na wafugaji wamejaribu zaidi ya miaka 20 kuutenganisha ugonjwa na yale madoa wakashindwa. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walichapisha picha za ndani ya masikio ya nyoka hawa: sehemu inayoshika mizani ya mwili imeumbika vibaya. Kinachompa madoa ndicho kinachomnyima mizani.

Sasa sikiliza kwa nini nayaandika haya. Baba mmoja, asili yake Mombasa, anaishi Uingereza, alinitumia video. Kijana wake wa miaka 16 ana dume wa Buibui, na rafiki yake ana jike wa kawaida. Wanataka kuwapandisha. Jike akitaga mayai sita, kwa makadirio matatu yatatoka Buibui, na pesa ni ya kulipia masomo. Baba anauliza: "Sheikh, pesa hii ni halali?"

Kuhusu kuuza nyoka kwenyewe, vitabu vya fiqhi ya Shafi vimeshasema: wadudu na watambaao wasio na manufaa, nyoka akiwemo, hauswihi uuzaji wao. Hapo jibu lingeweza kuishia. Lakini nilimwambia baba yule asimpe kijana jibu hilo peke yake, kwa sababu kijana ana hoja zake, na hoja zinajibiwa.

Hoja ya kwanza: "Anakula na anazaa, kwa hiyo hateseki." Ndugu yangu, hata mfungwa anakula. Hata mgonjwa anazaa. Kula si ushahidi wa raha.

Hoja ya pili: "Ni qadari ya Allah, hata wa kwanza alizaliwa hivyo porini." Kweli. Lakini mtoto akizaliwa kipofu nyumbani kwako, unamlea kwa huruma na unapata thawabu. Je, ukikaa ukapanga azaliwe kipofu, kwa kuwa macho yake meupe yana mnunuzi? Mtihani ulioletwa na Allah si sawa na madhara uliyoyapanga wewe ukayapigia hesabu.

Hoja ya tatu: "Mbona watu wanachagua mbegu za ng'ombe na mbuzi?" Kuchagua mbegu si tatizo. Mbuzi wa maziwa mengi, mwenye afya, ni neema. Tatizo ni pale mnyama anapobeba maradhi maisha yake yote ili sisi tuburudishe macho. Na ukitafuta manufaa yake, huyapati.

Hoja ya nne, hii inatoka kwetu sisi: "Sheikh, nyoka si tunaruhusiwa kumuua?" Wa kudhuru, ndiyo. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata katika kuua na kuchinja ipo ihsani, kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Ikiwa anayeuawa ana haki ya kutoteswa, vipi anayezalishwa kwa makusudi awe na kizunguzungu mpaka kufa? Na mnamjua yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia akamnyima chakula, hakumharibu viungo.

Jambo la kutuaibisha ni kwamba wapo wasiosoma hadithi hizi na wametutangulia. Chama cha wafugaji wa Uingereza, International Herpetological Society, tangu mwaka 2018 kimezuia Buibui wasiuzwe kwenye maonyesho yake. Wameacha pesa kwa huruma. Sisi tuna huruma na tuna hisabu ya Kiama.

Basi nikamjibu baba: asiwapandishe. Yule aliyepo asiuawe wala asitupwe nje, baridi ya kule itamuua. Ni amana. Apewe joto lake, boksi lisilo na vitu virefu vya kuangukia, na panya aliyekwisha kufa asogezewe mdomoni. Aishi mpaka ajali yake, na uzao wake ukomee hapo. Ada ya masomo tutaitafuta pengine; anayeacha kitu kwa ajili ya Allah hapati hasara.

Na wewe usiyefuga nyoka, kabla hujanunua njiwa, paka au mbwa wa ulinzi kwa sababu ya umbo lake, jiulize: huu uzuri, nani anaulipia? Ukiona mnyama ndiye anayelipa, rudisha pesa yako mfukoni.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe vyake ili naye atuhurumie. Aamiin.

Wallahu a'lam.