Ngome ya Arundel na Warithi Wake

Msafiri afikaye Arundel, kusini mwa Uingereza, huona ngome kubwa ya mawe juu ya mto Arun. Ndiyo maskani ya Duke wa Norfolk. John Howard alipewa cheo hicho mwaka 1483. Miaka miwili baadaye akauawa vitani Bosworth. Duke wa nne alikatwa kichwa mwaka 1572, na cheo hakikurudishwa hata 1660.

Basi Duke wa 16, Bernard, alijaliwa mabinti wanne, wala hakupata mwana wa kiume. Alipofariki mwaka 1975, cheo kilimwendea jamaa yake wa mbali, Miles, kwa kuwa hurithiwa na wanaume tu. Lakini Bernard alikuwa na cheo kingine, Herries cha Scotland, alichokirithi kwa mama yake. Hicho alikipata binti mkubwa, Anne.