Chambo cha Bahari katika Ziwa St. Clair

Ziwa St. Clair liko mpakani, kati ya jimbo la Michigan nchini Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada. Maji yake hutoka Ziwa Huron na kushuka kwa Mto Detroit hadi Ziwa Erie. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,100 hivi, lakini wastani wa kina chake ni mita 3.4 tu, na ukiacha mfereji uliochimbwa kwa ajili ya meli, hakuna panapozidi mita 6.4. Ami yangu, anayeishi karibu na ziwa hilo tangu ujana wake, alikuwa akinisimulia kwa simu habari za maski: samaki mrefu mwenye meno makali, anayevizia mawindo kando ya magugu na kuvuliwa kwa chambo bandia kinachokokotwa nyuma ya boti.

Kazi hiyo ya kukokota chambo nimeikulia Shimoni, pwani ya Kenya. Nilipopata nafasi ya kumtembelea ami mwezi wa Oktoba, nilitia begini vyambo ninavyovulia nguru, mzia na kolekole katika Mkondo wa Pemba. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama chambo kilichoundwa kwa ajili ya bahari kitafaa kwa samaki wa maji baridi.

Tuliteremsha boti asubuhi katika bustani ya Lake St. Clair Metropark, upande wa Michigan. Kabla ya kuwasha injini, ami alivitandaza vyambo vyangu juu ya sanduku, akavigawa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la vile vyenye kichwa kigumu na sketi ya nyuzi za plastiki, ambavyo baharini huendeshwa kwa kasi ya noti saba au nane, vikiacha mkia wa viputo.

“Hivi virudishe, mwanangu,” alisema. “Hapa tunakwenda kilomita sita au saba kwa saa. Kwa mwendo huo havitacheza.”

Fungu la pili lilikuwa la Magnum za Rapala, zenye umbo la samaki na ulimi chini ya kidevu. Ulimi huo ndio unaoyakata maji, ukakizamisha chambo na kukifanya kiyumbe huku na huku. Hizo ami alizikubali mara moja, naye alikuwa na sababu. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alichonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936, baada ya kuona jinsi samaki wakubwa wa ziwani wanavyomwacha dagaa mzima na kumrukia yule anayepepesuka. Vyambo vya ukoo huo vilivyokuja kuwa vya bahari ni vizawa vya ziwa, na hata katika Ziwa Viktoria watu huvikokota kuvulia sangara.

Hata hivyo maji hayalingani. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5. Nilipokitumbukiza chambo changu ubavuni mwa boti, hakikuibuka kwa wepesi niliouzoea, kwa sababu kilikuwa na ndoana nene za baharini na maji ya kukibeba yalikuwa mepesi. Jambo hilo lina maana kubwa penye magugu. Boti ikisimama, chambo kinachochelewa kuelea hunasa chini.

Kina nacho kilidai hesabu mpya. Chambo kimojawapo kimeundwa kushuka mita tisa, nasi tulikuwa juu ya mita nne na nusu. Kwa kuwa kadiri mshipi unavyoachiwa ndivyo chambo kinavyoshuka, ami aliuachia mita chache tu. Fimbo moja aliifunga tezini ikiwa imeinamishwa, ncha karibu iguse maji, na chambo chake kikawa ndani ya povu la rafadha, hatua mbili tatu kutoka kwenye injini. Wavuvi wa ziwa hili wameizoea sana njia hiyo. Maski haogopi ngurumo wala povu, na mara nyingi huja kushambulia papo hapo.

Sheria ya Michigan inamruhusu kila mvuvi mishipi mitatu, kwa hiyo macho yetu yalikuwa na kazi. Chambo kikienda sawasawa, ncha ya fimbo hutetemeka bila kukoma. Mtetemo ukififia, ujue kimeshika jani, kivute ukisafishe. Chambo changu cha rangi ya fedha na buluu kiliitetemesha fimbo kwa nguvu kuliko vyambo vya ami mwenyewe, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Fimbo ile ya tezini ndiyo iliyopinda. Samaki hakukimbia mbali kama nguru. Alijipinda, akatikisa kichwa, akajitupa juu ya maji, kisha akazama chini ya boti. Ami alimpokea kwa wavu mpana, akamwacha humo humo ndani ya maji, akazitoa kwa koleo refu ndoana ambazo tangu asubuhi alikuwa amezibana miiba. Samaki huyo alikuwa na zaidi ya mita moja, ubavu wa kijani uliofifia wenye mabaka meusi. Ami alimshika mkiani mpaka alipopata nguvu, akamwachia.

Sheria humruhusu mvuvi kuchukua maski mmoja kwa mwaka, lakini wengi hawachukui hata huyo. Samaki huyu huchukua miaka mingi kufikia urefu ule, na mwaka 2006 ugonjwa wa virusi uliua maski wengi katika ziwa hili. Mimi niliyelelewa kwa samaki wa mezani niliiona heshima ile kuwa ya haki, na ninaiunga mkono.

Samaki mmoja hathibitishi kanuni, lakini mtetemo wa fimbo siku nzima ulinipa ushahidi wa kutosha. Maandishi ya kwenye kasha, kwamba chambo ni cha bahari au cha ziwa, si ya kutegemea. Kijaribu kwanza ubavuni mwa boti, kwa mwendo utakaokwenda nao. Kikiyumba vizuri, pima kina, kadiria urefu wa mshipi kulingana nacho, na uwe na koleo na wavu wa kumrudisha samaki akiwa mzima. Chambo kisichoyumba kwa mwendo huo kiache nyumbani, hata kama kimekuletea nguru maisha yako yote.